Intaneti ya nyumbani: miaka miwili Halle, miezi miwili Tudor

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hasa za kupamba, yaani sherehe ya kumpamba bibi harusi. Kwetu Mombasa ukumbi wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mpiga video ni mwanamke, na mhariri naye sharti awe mwanamke, kwa sababu ndani mna watu waliovua mabuibui na waliotuamini kwa sura zao. Ndiyo maana siwezi kuchukua kazi ya mteja nikaenda kuipakia mkahawani. Itatoka nyumbani kwangu, au haitoki. Basi ninapohukumu huduma ya intaneti, naangalia kwanza kasi ya kupakia. Ile ya kupakua, ambayo matangazo huiandika kwa herufi kubwa, naitazama baadaye.

Halle, ninakoishi, iko mashariki ya Ujerumani. Kifurushi changu ni cha megabiti 50 kwa sekunde kupakua na 10 kupakia, euro 40 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Niliahidiwa fundi kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Siku ya kwanza nilikaa nikamngoja hadi adhuhuri, hakutokea. Alipokuja, wiki tatu baadaye, alishuka chini ya nyumba, akafungua kisanduku cha kijivu kilichojaa nyaya za shaba nyembamba kama uzi wa cherehani, akachomoa mbili, akazibana, akamaliza. Nilipima: 31 kupakua, 6 kupakia. Nikamuuliza mbona pungufu. Akanipeleka dirishani akanionyesha kabati lililosimama mbali, mwisho wa barabara. Hadi pale ni faiba, uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, alisema; kutoka pale hadi kwako ni waya wa simu wa zamani, na kila mita inakula kasi.

Harusi moja ikishakamilika huwa na gigabaiti 9 hivi. Kwa megabiti 6, hiyo ni saa tatu na dakika ishirini, ikiwa hakuna mtu mwingine nyumbani anayegusa mtandao. Bibi harusi yuko Muscat, mama yake ananipigia simu: "Mwanangu, bado?" Nami sina la kumwambia ila asubiri.

Ilinishangaza nchi inayotengeneza mashine za dunia nzima iwe hivi, nikaenda kusoma. Mwaka 1981 serikali ya chansela Helmut Schmidt ilikuwa na mpango wa kutandaza faiba nchi nzima kwa miaka 30. Mwaka uliofuata akaingia Helmut Kohl, na fedha zikaelekezwa kwenye kebo za shaba za televisheni. Huku mashariki kisa ni cha kusikitisha zaidi. Baada ya 1990 baadhi ya mitaa ilipata faiba kwa ajili ya simu, mapema kuliko karibu watu wote. Ilipokuja intaneti ya DSL, ile inayopita kwenye waya wa simu, ikaonekana inataka shaba, na mitambo ile ya faiba haikuweza kuibeba, hadi mingine ikabidi itandaziwe shaba upya! Mama mwenye nyumba wangu, aliyengoja simu miaka mingi enzi za GDR, Ujerumani Mashariki ya zamani, aliniambia hakushangaa hata kidogo.

Sasa Tudor, mtaa wa kwetu Mombasa. Nilikwenda baada ya Idi ya Aprili 2024, msimu wa harusi, nikaunganisha faiba nyumbani kwa mama. Nilipiga simu Jumatatu, Jumatano kijana yuko juu ya nguzo. Kazi yake niliisimamia karibu sana, na ilinifurahisha. Aliivua ile kebo nyeusi ngozi baada ya ngozi hadi ukabaki uzi wa kioo usioonekana vizuri bila mwanga nyuma yake. Akaupangusa kwa spiriti, akaukata kwa kikatio kidogo, akaulaza ndani ya mashine inayounganisha kwa cheche. Kwenye kioo cha mashine ncha mbili zilionekana kubwa kama mabomba, zikasogeleana, zikawa kitu kimoja. "Usishike hicho kipande, dada," akaniambia, "kikikuingia kidoleni hukioni tena." Vipande vyote alivitia kwenye chupa akaifunga. Fundi wa namna hii nampa nyota zote.

Nilipima: 39 kupakua, 38 kupakia, kwa karibu shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani pungufu ya nilichokuwa nikilipa Halle wakati ule. Harusi ya gigabaiti 9 ikaondoka kwa nusu saa na dakika chache.

Sababu si kwamba Kenya ni tajiri. Simu za waya zilikuwa chache, na shaba nyingi iliibwa, kwa hiyo hapakuwa na waya wa zamani wa kuwatia watu tamaa ya kuukamua hadi tone la mwisho. Kabla ya 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Mwaka ule mikongo ya SEACOM na TEAMS, kebo za faiba za chini ya bahari, ikatua Mombasa. Halafu faiba yetu hupita juu ya nguzo, wakati Ujerumani sehemu kubwa huzikwa ardhini, na kuchimba ni gharama na vibali. Lakini nguzo hizo hufuata wateja. Kwa mjomba, ndani huko Msambweni, hakuna aliyefika. Yeye ananunua bando za simu, na akipiga simu ya video uso wangu unaganda. Wastani wa kasi wa nchi haumjui mjomba.

Na Tudor pia ilinitesa. Stima ikikatika, ruta inazima. Tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini, na ile ya Bahari ya Shamu ilikuwa tayari imeumia tangu Februari, nanga ya meli Rubymar iliyopigwa kombora ikidhaniwa ndiyo chanzo. Kasi ya ndani ya Kenya ilibaki nzuri. Kila kilichovuka bahari kikawa kinajikokota, hadi meli ya matengenezo itoke Cape Town.

Niliporudi Halle sikunyamaza. Tangu Desemba 2021 sheria ya Ujerumani inampa mteja haki ya kulipa kidogo akipewa kidogo. Mamlaka ya mitandao, Bundesnetzagentur, ina programu yake: unapima mara 30 katika siku tatu, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Nilipima zote, nikaipelekea kampuni ya intaneti karatasi. Wamenipunguzia euro 12 kwa mwezi. Kwa huduma ya Halle nawapa nyota 2. Sheria hiyo ningependa Kenya iwe nayo kesho.

Mwezi uliopita wamechimba mtaani kwetu. Mbele ya mlango imechomoza mirija ya faiba ya rangi ya chungwa, imezibwa midomo kwa vifuniko, na mama mwenye nyumba ameshatia saini. Hakuna aliyetupa tarehe. Harusi ndefu nimewaambia wateja nitazipakia Desemba, nikiwa Tudor.