Kibao cha V cha digrii 90: kinapima vizuri, kijito kikiwa na umbile la kukipokea

Kijito ambacho maji yake yanaishia kwenye kifundo cha mguu ni kigumu kupima, yaani kujua zinapita lita ngapi kwa sekunde, kuliko mto mkubwa. Propela ya kupimia mwendo wa maji haifanyi kazi mpaka izame yote, na katikati ya mawe kina hicho hakipatikani. Kielea, yaani kile kipande cha mti unachokitupa majini ukakihesabia sekunde, kinakwama kwenye jiwe la pili. Hata kikipita, kinakupa mwendo wa juu ya maji tu. Kwenye sakafu laini utauzidisha kwa 0.85, lakini kwenye changarawe na mawe namba hiyo hushuka mpaka 0.6 au chini ya hapo, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu inabaki kuwa makisio.

Kibao cha V kinamaliza ubishi huo kwa kulazimisha kijito kizima kipite kwenye mkato mmoja wenye umbo linalojulikana. Unasoma kina, unapata lita. Kwa kijito kisichozidi lita 70 hivi kwa sekunde, sioni kifaa rahisi kinachokishinda. Hata hivyo hulaumiwa sana kwamba kinadanganya, na karibu kila mara ukienda kuangalia unakuta kibao ni kizima, ila kimewekwa pasipofaa.

Kifaa chenyewe ni bamba lililokatwa umbo la V, ncha ikitazama chini, pembe yake digrii 90. Uzuri wa V umejificha kwenye ile ncha. Mkato wa mraba unatandaza maji machache yakawa utando mwembamba usiosomeka, lakini V inayakusanya katikati, hivyo hata kiangazi kikali unabaki na kina cha kusoma. James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa mwanzo kuuchunguza mkato huu kwa makini katikati ya karne ya 19, na hesabu yake haijabadilika sana tangu hapo: mita za ujazo kwa sekunde ni 1.38 mara kina, kina hicho kikiwa kwa mita na kimepandishwa kwa kipeo cha 2.5.

Kwa tarakimu, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha, zinapita lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika 20, ni lita 25. Yakifika 30, ni lita 68. Kina kimeongezeka mara tatu tu, maji yameongezeka zaidi ya mara kumi na tano. Ndiyo maana kosa dogo la kusoma lina gharama: ukikosea milimita 5 kwenye kina cha sentimita 10, jibu lako limepotea kwa takriban asilimia 12. Chini ya sentimita 6 usikiamini kibao hiki kabisa. Hapo pazia la maji, yaani maji yanayoanguka kutoka kwenye V, halina nguvu ya kuruka, linaganda kwenye uso wa bamba na kuteremka nalo.

Kuhusu vibao vyenyewe, vinavyouzwa tayari huja kwa chuma cha pua, alumini au plastiki. Cha chuma cha pua chenye unene wa milimita 3 ndicho cha kuchukua. Alumini ni nyepesi kubeba lakini kipande cha gogo kikija na maji ya mvua kinaikunja mdomo, yaani ukingo wa V, na mdomo uliokunjwa haunyooki tena sawasawa. Plastiki hupinda kwa jua. Plaiwudi ya milimita 18 inafaa kushikilia bamba, haifai kuwa mdomo: ikinywa maji inavimba na nyuzi zinachomoza kwenye njia ya maji. Mchanganyiko mzuri zaidi ni bamba dogo la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye ubao mpana, kwa sababu ubao unaweza kuutengeneza upya na bamba ukabaki nalo.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Kwanza pembe. Pima sentimita 30 kwenda juu kutoka kwenye ncha, kisha upana wa uwazi mahali hapo: lazima uwe sentimita 60. Ukikuta 58, kibao kinapitisha pungufu ya takriban asilimia 3, na kasoro hiyo utaibeba kwenye kila usomaji. Pili mdomo. Uso unaotazama maji yanakotoka uwe bapa, na ukingo wenyewe uwe na unene wa milimita 1 hadi 2, halafu chuma kiinamie upande wa maji yanakokwenda. Pitisha kidole taratibu. Ukihisi ukingo umeviringwa kama ukingo wa kikombe, kirudishe, maana maji yatauzunguka badala ya kukatwa nao. Vibao vingi vya bei nafuu vinaanguka hapa.

Sasa kijito chenyewe, na hapa ndipo kuna kazi.

Kibao kinataka bwawa dogo lililotulia nyuma yake. Kwa hiyo mteremko unakuja kabla ya kila kitu. Tuseme kibao kinainua maji nusu mita. Kwenye mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100, maji yatarudi nyuma takriban mita 25, jambo linalovumilika. Kwenye kijito cha bondeni chenye mteremko wa sentimita 20 kwa mita 100, nusu mita hiyo hiyo inarudisha maji mita 250, na hapo umeshafurika shamba la mtu au umeua chemchemi ndogo zinazoingilia pembeni. Kijito cha tambarare hakikifai kibao cha V hata kidogo. Upande wa pili, kwenye mteremko wa mita 10 kwa 100, bwawa lina urefu wa mita 5 tu na maji yanaingia kwa kishindo. Maji yanayokaribia kibao yasizidi mwendo wa sentimita 15 kwa sekunde, yaani jani lisafiri mita moja kwa sekunde 7 hivi. Likienda haraka zaidi, hesabu itakupa lita pungufu.

Vijito vyenye changarawe huwa na mpangilio wa kupokezana: sehemu ya maji mafupi yanayopiga kelele juu ya mawe, kisha kidimbwi kimya, kisha mawe tena, kwa umbali wa mara tano hadi saba ya upana wa kijito. Mahali pa kibao ni mwisho wa kidimbwi, pale maji yanapojiandaa kuteremkia mawe. Bwawa umeshapewa bure, na mbele pana mteremko wa kuyaondoa maji haraka. Hilo la mbele ni muhimu, kwa sababu uso wa maji upande wa chini lazima ubaki angalau sentimita 6 chini ya ncha ya V. Maji ya chini yakipanda mpaka kwenye ncha, kibao kimezama na hakipimi chochote. Epuka kona: maji yanaegemea kingo ya nje na kuingia kwenye V kwa ubavu. Sehemu iliyonyooka kwa mita tano au sita nyuma ya kibao inatosha.

Halafu sakafu na kingo. Udongo wa mfinyanzi ni zawadi, kwani ubao unachimbiwa na udongo unaubana. Mwamba mzima unakubali, ila utahitaji saruji. Changarawe nene ni tatizo sugu: maji yanapita ndani yake chini ya ubao, na hakuna anayeyaona. Kijito cha aina hiyo kinaweza kuonyesha lita 2 juu ya V huku lita nyingine zikitembea chini kwa chini. Kingo ziwe na kimo kikubwa kuliko ubao, la sivyo mvua ya kwanza itachimba njia ya pembeni. Mizizi ya miti mikubwa inashika kingo vizuri, lakini mti huo huo utakumwagia majani, na majani ni adui mkubwa kuliko mafuriko.

Wahandisi wanaotaka usahihi kamili huacha sentimita 45 kutoka ncha ya V hadi sakafu ya bwawa na upana wa bwawa usiopungua sentimita 90, kisha hawasomi kina kinachozidi sentimita 18. Kwenye kijito cha shambani unaweza kulegeza kidogo, mradi ujue kwamba bwawa likiwa na kina kifupi na upana mdogo kibao hupitisha maji zaidi ya hesabu.

Kusimika kunataka watu wawili na nusu siku. Chimba mfereji wa kukatisha kijito, kina cha sentimita 30 kwenye mfinyanzi na zaidi kwenye mchanga, uingie kwenye kila kingo sentimita 40 au 50. Ubao usimame wima kwa timazi, na juu ya V pimamaji ionyeshe usawa. Tandika turubai zito upande wa maji yanakotoka, lishuke mfereji mzima na kulala nyuma angalau mita moja, kisha shindilia mfinyanzi juu yake kwa tabaka za sentimita 10, si kumwaga wote kwa mara moja. Upande wa chini panga mawe makubwa pale pazia linapoangukia. Bila mawe hayo maji huchimba shimo, shimo linarudi nyuma, na baada ya msimu mmoja ubao unaning'inia.

Kipimo chenye milimita hakisimikwi kwenye kibao chenyewe, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Karibu na V maji yameshaanza kuinama. Kisimamishe nyuma umbali wa angalau mara nne ya kina kikubwa utakachosoma. Kwa kina cha sentimita 30, iwe mita 1.2. Sifuri yake iwe sawa kabisa na ncha ya V. Pata usawa huo kwa ubao mnyoofu na pimamaji kutoka kwenye ncha. Usingoje bwawa lishuke mpaka maji yaache kupita ukadhani hapo ndipo sifuri, kwa sababu maji hujishikilia na kusimama milimita kadhaa juu ya ncha bila kudondoka.

Kikishasimama, jaribu kwa ndoo. Kwenye lita 4.4 kwa sekunde, ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde nne na nusu. Rudia mara tano, chukua wastani. Ndoo ikichelewa kujaa, kibao kinasema zaidi ya ukweli: angalia takataka kwenye V au sifuri iliyokaa chini mno. Ikiwahi, chunguza pazia. Inama uliangalie kwa ubavuni: kati ya maji yanayoanguka na bamba pawe na nafasi yenye hewa, ukiingiza kidole kinatoka kikavu au na matone machache. Pasipo nafasi hiyo maji yananyonywa na bamba na yanapita mengi kuliko hesabu. Dawa ni tupa na msasa kwenye ukingo, au kuondoa mawe ya chini yanayoyarudisha maji.

Uvujaji ndoo haiuoni, maana ndoo inakinga yale ya kwenye V tu. Mwaga kiganja cha majivu kwenye bwawa karibu na ubao na utulie. Pakiwa na tundu, majivu yatakusanyika, yatazunguka polepole na kuzama mahali pamoja. Hapo ndipo pa kushindilia mfinyanzi.

Jani moja pana lililokwama kwenye ncha linaweza kuinua maji kutoka sentimita 8 hadi 9. Daftari litaandika lita 3.4 badala ya 2.5, zaidi ya theluthi ya uongo. Kabla ya kusoma, ondoa takataka, subiri dakika kumi bwawa litulie, ndipo usome. Mchanga nao hujaa bwawani baada ya kila mvua kubwa. Ufukue kwa koleo kabla haujaikaribia ncha.

Asiyeweza kukitembelea angalau mara moja kwa wiki asikinunue. Na kama kijito kina samaki wanaopanda kuzaa, kibao ni ukuta kwao. Kitumike kwa muda mfupi kisha kitolewe. Nchi nyingi pia zinataka kibali kabla ya kuziba maji yanayotiririka, hata kwa ubao wa nusu mita.

Kikikaa sawa kinaonyesha mambo ambayo macho hayayaoni. Baada ya mvua utaona maji yakishuka haraka siku ya kwanza, kisha taratibu kwa wiki kadhaa, na hiyo sehemu ya taratibu ndiyo maji ya ardhini yanayokilisha kijito. Kiangazi, kwenye kijito chenye miti kingoni, kina huwa juu alfajiri na hupungua alasiri kwa sababu miti inanyonya maji mchana. Tofauti ya milimita 3 kwenye kina cha sentimita 10 ni zaidi ya asilimia 7 ya maji yote, kwa hiyo chagua saa moja ya kusoma na uishike, na usilinganishe tarakimu ya asubuhi na ya alasiri.