Tundu la moyo: mrija au kufungua kifua?
Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) pale hospitali ya KCMC, Moshi, kikionyesha tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, uliza kwanza liko wapi. Likiwa katikati na lina kingo za kutosha, kizibo hupitishwa kwa mrija kutoka mshipa wa paja; mgonjwa hulazwa siku moja au mbili. Likiwa pembeni, ni upasuaji wa kufungua kifua, na mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga. Panapowezekana, mimi nasimama na mrija. (Kwa mtoto mchanga, tundu dogo la katikati mara nyingi hujifunga lenyewe.) Mtu mzima aliyegundulika akiwa amechelewa apimwe kwanza shinikizo la mishipa ya mapafu: likiwa kubwa mno, kuziba tundu kunaweza kumdhuru, kwa njia yoyote ile.