Kigiriki cha kale kwa Athenaze: uzoefu wangu

Kama shida yako ni kusoma Agano Jipya tu, Athenaze, kitabu cha kiada cha Kigiriki cha kale, si kitabu chako. Vipo vya Koine, Kigiriki cha kawaida cha enzi ya Agano Jipya, vilivyoandikwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitaka kusoma Periplus, ule mwongozo wa biashara ya baharini wa karne ya 1 unaoitaja pwani yetu, na nilitaka msingi mpana.

Athenaze hufundisha kwa hadithi. Dikaiopolis ni mkulima wa Attica, eneo la Athens, ana mtumwa mvivu aitwaye Xanthias, na mambo ya nyumba yao yanavyozidi kunoga ndivyo sarufi inavyozidi kukaza. Sentensi za mwanzo ni za kitoto, lakini unasoma Kigiriki tangu sura ya 1. Herufi 24 hazisumbui. Alama za mkazo juu ya irabu ndizo kero.

Kilichonitoa jasho ni miisho ya maneno. Sisi tumezoea kutazama mwanzo: m-, wa-, ki-, vi-. Kigiriki kinakutaka utazame mwisho, na mwisho huohuo ubebe jinsia, umoja au wingi, na kazi ya neno katika sentensi. Ila upatanisho wenyewe haukunitisha. Aliyekua akisema "vitabu vyangu vizuri vimepotea" hawezi kushangaa kuona ὁ, ἡ, τό (kama "the" ya Kiingereza, kwa jinsia tatu) na vivumishi vikibadilika kufuata nomino. Kitenzi kubeba mtenda wake ndani, hilo ndiyo kwetu kabisa.

Kasoro kubwa kwa anayejifunza peke yake: majibu ya mazoezi hayamo, yamo katika kitabu cha mwalimu kinachouzwa kando. Maelezo nayo ni ya Kiingereza. Toleo la Kiitaliano lina hadithi ndefu zaidi, na ukishashika sarufi linafaa kwa mazoezi ya kusoma hata kama Kiitaliano hukijui. Kwa kamusi nilitegemea Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts. Ni bure, unabofya neno, inakuonyesha shina na umbo lake. Mtihani ni kutobofya kila neno.

Baada ya juzuu ya 2 niliingia Periplus. Ni Koine, lugha kavu ya mfanyabiashara, na sarufi ya Attica, ile ya Athenaze, ilinitosha. Majina ya bidhaa ndiyo yaliyonirudisha kwenye kamusi. Sehemu ya 15 inaeleza kisiwa cha Menouthias, ambacho wapo wanaosema ni Unguja, wapo wanaosema Pemba au Mafia: kisiwa cha chini chenye miti, watu wanavua kwa mitumbwi ya gogo na vyombo vya kushonwa, yaani ndugu wa mitepe ya Lamu, na wanakamata kasa kwa vikapu badala ya nyavu. Mwandishi anadai mamba wa huko hawadhuru mtu. Nadhani aliona kenge.

Ukinunua, tafuta juzuu ya 1 iliyotumika. Toleo la zamani halina shida. Juzuu ya 2 isubiri mpaka uone kama Xanthias bado anakuchekesha.