Namba 2.5: hadithi fupi iliyonifanya nisiache mfululizo

Tangu kusi ilipoanza kuvuma nasoma kwenye simu mfululizo mmoja wa Kiingereza wa mapenzi baina ya binadamu na viumbe wasio wa kawaida. Kilichonishika zaidi ni hadithi fupi za katikati. Wazoefu wa vitabu hivi wanazijua: cha 2 umekimaliza, cha 3 bado, mwandishi anakutolea kurasa arobaini zenye namba 2.5.

Yangu ilimhusu bawabu, mwanamume anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka. Katika vitabu viwili vya mwanzo kazi yake ni kufungua lango na kulifunga, basi. Ila kitabu cha 1 kilitaja mara moja tu kiraka chekundu kwenye mkono wa shati lake. Kumbe kuna fundi cherehani aliyekishona! Kila mwezi mpevu bawabu hujifunga mnyororo, ufunguo akamkabidhi yeye, naye hukaa nje ya mlango usiku kucha akikata vitambaa ili mwenzake asikie mkasi na asijione peke yake. Nilirudi kitabu cha 1 usiku uleule kukitafuta kile kiraka.

Mimi ni wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Kwetu jini mahaba, yaani jini anayempenda binadamu, ni maradhi. Msichana akikataa posa moja baada ya nyingine, atafukizwa ubani, ataandikiwa kombe, yaani aya kwa zafarani zinazosuuzwa kwa maji, anywe. Kwa hiyo nilisita kumsimulia bibi yangu. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akanisikiliza kimya, kisha akauliza, "Ufunguo anao nani?" Nikamwambia anao mwanamke. Akapumzisha mkono. "Haya, endelea, mjukuu wangu." Hapo nikaelewa kwa nini nazipenda hadithi hizi. Kiumbe ana nguvu zote, lakini anaomba ridhaa, na unajua tangu mwanzo kwamba wawili hawa hawataachwa njiani, maana hadithi za namna hii huahidi mwisho wa furaha.

Malalamiko yangu ni kwa programu niliyosomea mwanzo. Iliikata hadithi vipande tisa, kila kimoja kina kufuli la kulipia, na kufuli moja liliangukia palepale mkasi uliponyamaza usiku. Jumla nililipa zaidi ya bei ya kitabu cha 1 kizima. Utamu wa hadithi fupi ni kuianza baada ya isha na kuimaliza kabla ya kulala, ukiikatakata umeiua. Afadhali mkusanyo mzima, ndio ninaonunua sasa.

Na tafadhali, usianzie 2.5. Bila vitabu viwili vya mwanzo, kiraka kitakuwa kitambaa tu.

Kitabu cha 3 nimekianza juzi. Ukurasa wa kwanza, wageni wanafika, na penye lango pana viti viwili. Mwandishi hakueleza. Nilimwita bibi.