Tuvalu kwa pasipoti ya Kenya: nilivyojipanga na kilichonifaa

Tangu nirudi kutoka Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, swali ninaloulizwa zaidi hapa Mombasa ni kama kule kunafikika kwa pasipoti yetu. Kunafikika. Safari nzima naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja imepungua kwa sababu ya gharama na urefu wa njia. Watu na kisiwa chenyewe sina la kuwadai. Ila Tuvalu haiendeki kwa kufunga begi la haraka. Ndege zinazotua huko ni chache kwa wiki, na ya kawaida hutokea Suva, Fiji. Ndege hiyo ndiyo inayoamua pesa utakazobeba, dawa utakazofunga na hata siku utakazolala njiani, kwa hiyo kila nilichokiandaa nilikipima kwayo.

Nianze na njia, maana wengi hukwama hapo kabla hawajatoka nyumbani. Kwenye ramani, kupitia Sydney au Brisbane kunaonekana ndiko karibu. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Australia hata kama anabadilisha ndege tu, na maombi hayo yana nyaraka zake na kungoja kwake. Mimi nilipitia Dubai na Singapore, kisha Nadi, Fiji. Kutoka Singapore hadi Nadi ni mwendo wa saa kumi hivi angani. Ukishuka Nadi bado hujafika: uwanja huo uko magharibi mwa Viti Levu, kisiwa kikuu cha Fiji, na ndege ya Funafuti huondokea Nausori, karibu na Suva, upande wa mashariki. Ndege fupi ya ndani ipo. Mimi nilipanda basi la barabara ya pwani ya kusini, kama saa nne, na nikirudi tena nitapanda lilelile. Unaanza na mashamba ya miwa na jua kali, kisha kadiri unavyokaribia Suva vilima vinazidi kuwa kijani na mvua inaanza kunyesha. Baada ya kukaa angani muda wote ule, miguu inashukuru.

Ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wote ni huu: usiunganishe ndege hizi kwa saa, ziunganishe kwa siku. Siku tuliyopangiwa kurudi, anga la Funafuti lilifunga kwa mvua na upepo, ndege haikuja, tukangoja zamu iliyofuata. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi Suva, na tiketi yangu ya kuondoka Nadi ilikuwa ya kubadilishika, basi nilirudi nyumba ya wageni nikaendelea kukifaidi kisiwa. Mama mmoja tuliyekuwa naye alikuwa na ndege nyingine usiku uleule, ya tiketi isiyobadilishika, na tiketi nzima ikampotea. Nilimhurumia sana. Hakuna wa kumlaumu mvua ikinyesha, kwa hiyo ile tofauti ya bei ya tiketi ya kubadilishika iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Nyaraka si nyingi. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita, tiketi ya kurudi iwe mkononi, na uthibitisho wa malazi uwe umechapishwa kwenye karatasi. Kumbuka kwamba Fiji utaipita mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo ruhusa ya kuingia huko itoshe mara zote mbili. Na sisi tunaotoka Kenya, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano haiachwi nyumbani. Iweke ndani ya pasipoti.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo. Tuvalu hutumia dola ya Australia, pamoja na sarafu zake yenyewe zenye thamani ileile. Mashine za kwanza za ATM katika historia ya nchi hiyo zilizinduliwa Aprili 2025, na Benki ya Taifa ya Tuvalu. Kwa wenyeji waliokuwa wakipanga foleni dirishani kila siku ya mshahara, hilo ni jambo kubwa. Mgeni mwenye kadi ya Mombasa asiende akizitegemea. Sisi tuliozoea kulipa hata mchicha kwa simu inabidi turudi kwenye noti. Hesabu yangu ilikuwa hivi: malazi, chakula, pikipiki ya kukodi na boti kwa siku nilizopanga, kisha nikaongeza gharama za kungoja ndege moja nzima zaidi. Hiyo nyongeza ndiyo iliyoniokoa mvua ilipokuja. Dola za Australia haziko katika kila duka la kubadilisha fedha, hasa noti ndogo, kwa hiyo ziagize mapema. Taka noti za tano, kumi na ishirini. Kumpa mwenye duka dogo noti ya mia ni kumpa kazi. Sarafu za Tuvalu zimalize kabla ya kupanda ndege, maana nje ya nchi hakuna wa kuzipokea.

Ndege yenyewe ya Funafuti ni ya mapangaboi, safari ya saa mbili na nusu hivi, na mizigo hupimwa kwa makini. Ndege ndogo inapozidiwa uzito, begi lako linaweza kungoja safari nyingine. Dawa, nguo ya kubadilisha, chaja na pesa zote vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Nilifikia kwenye nyumba ya wageni ya familia moja, karibu na uwanja wa ndege. Kule karibu kila kitu kiko karibu na uwanja wa ndege: Fongafale, kisiwa chenye mji, ni utepe mwembamba wa ardhi, na mahali pengine unasimama barabarani ukiona bahari kulia na kushoto. Chumba kilikuwa safi, feni nzuri, kiyoyozi cha kusaidiana nacho. Anayetafuta hoteli ya kitalii ya Diani asiende. Nilichopata badala yake ni mwenyeji aliyenipokea kwa jina, akanionyesha duka lenye mayai siku ile na akanitafutia mtu wa boti. Barua pepe hujibiwa polepole, basi andika miezi kabla, na usitume ujumbe mpya kila siku. Plagi ni za Kiaustralia, zenye pini za mshazari, kwa hiyo adapta ya kwetu ya pini tatu nene haiingii. Intaneti niliitumia kwa ujumbe na simu za nyumbani. Ramani, tiketi na vitabu nilivipakua nikiwa Suva, na sikujuta.

Maji ndiyo jambo ambalo ningependa kila mgeni alielewe kabla hajafungua bomba. Tuvalu haina mto hata mmoja. Watu hukinga mvua ya paani kwenye matangi, na mvua ikikosa, nchi nzima inaumia: mwaka 2011 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame. Unapooga, maji unayoyamwaga yametoka kwenye tangi la mwenyeji wako. Nilioga kwa ndoo na kata, kama tulivyolelewa wengi wetu, na mama mwenye nyumba alifurahi kuona sihitaji kuambiwa. Ya kunywa niliyachemsha, na chupa yenye kichujio nilienda nayo kila mahali.

Kwa upande wa afya, malaria haipo huko, na hilo huwashangaza watu wa pwani yetu. Homa ya dengi ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Dawa ya kupaka ndiyo muhimu. Hospitali ni moja, Princess Margaret, na mgonjwa mahututi hupelekwa nje kwa ndege. Kata bima inayolipia kusafirishwa mgonjwa, na usome masharti yake mpaka mwisho. Beba dawa zako za kutosha na ziada, dawa ya kuhara, na dawa ya vidonda. Matumbawe yakikukwaruza mguu, kidonda huchukua muda kupona kwenye unyevu ule. Viatu vya majini vya mpira ndivyo nilivyovitumia kuliko vyote nilivyobeba.

Chakula kingi huja kwa meli: mchele, unga, makopo, kuku wa barafu. Meli ikichelewa, rafu za duka zinaonekana tupu. Samaki wapo na ni watamu, tuna hasa, na nazi kama kwetu. Mimi ni Mwislamu, na kwa suala la halali nilikula samaki, wali na mayai bila taabu yoyote, nyama niliiacha. Pulaka, jimbi kubwa linalolimwa kwenye mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye maji ya chini, nililila limepikwa kwa tui, na siku hiyo nilijiona niko kwa shangazi yangu Lamu. Mboga za majani ni haba. Ipo bustani iliyoanzishwa kwa msaada wa Taiwan, na mboga zake hugombaniwa asubuhi mapema, kwa hiyo nilikwenda na tende, njugu na matunda makavu. Wenyeji wangu niliwapelekea majani ya chai na viungo vya pilau, na walivipenda.

Mavazi: kanga mbili na kikoi. Vilifanya kazi ya taulo, shuka, pazia na nguo ya heshima. Watu wa Tuvalu ni wacha Mungu, wengi wao wa kanisa moja la Kikristo, na Jumapili mji hutulia kabisa. Usipange boti wala manunuzi siku hiyo, na usiogelee mbele ya watu ukiwa nusu uchi siku yoyote.

La kuona kuliko yote, kwangu mimi, lilikuwa eneo la hifadhi la upande wa magharibi wa Te Namo, ile bahari ya ndani iliyozungukwa na matumbawe. Lilitengwa mwaka 1996, lina visiwa vidogo sita visivyokaliwa, na boti hupangwa kwa kupitia Kaupule, baraza la kisiwa. Ni ghali kwa mtu mmoja. Subiri mpate kuchangia. Bure kabisa ni jioni kwenye njia ya ndege, ambayo Wamarekani waliijenga mwaka 1943 wakati wa vita. King'ora hulia ndege ikikaribia, watu wanaondoka. Ikisharuka, lami inakuwa uwanja wa mpira wa vijana na baraza la wazee.

Na jambo moja nalisema kwa uzito. Nchi hii ina kilomita za mraba 26 tu na watu wapatao elfu kumi na moja. Mwanzoni mwa mwaka, bamvua kubwa linapojaa, maji ya chumvi huchimbuka ardhini katikati ya nyumba. Mkataba na Australia, ulioanza kutumika 2024, unawaruhusu watu 280 kuhamia huko kila mwaka, na familia zinajadili nani aende na nani abaki. Tafadhali usimwulize mtu kama nchi yake itazama kabla hujamwuliza jina lake. Pia ondoka na betri zako zilizokufa na plastiki zako: hakuna pa kuzitupa.

Anayetaka kwenda namshauri miezi ya Mei hadi Oktoba, nje ya msimu wa vimbunga. Tiketi azikate kuanzia mwisho kurudi nyumbani: kwanza Suva hadi Funafuti, kwa sababu viti ni vichache, kisha malazi ya siku hizohizo, kisha Singapore hadi Nadi, na ya kutoka Mombasa au Nairobi aikate mwisho kabisa, baada ya zile zote kuthibitishwa kwa maandishi.