Boti ya Kuwatazama Ndege Wahamao, Bagamoyo

Mwishoni mwa Machi, upepo wa kusi ukiwa bado haujaanza kuvuma, tulikodi boti ya injini ufukweni Bagamoyo kwenda mdomo wa Mto Ruvu, tuwaone ndege wahamao kabla hawajaondoka. Tulilipa shilingi 45,000 kila mtu, pamoja na mwongozaji na maji ya kunywa.

Safari ya namna hii haina mjadala na saa ya maji. Yakiwa yamekupwa, ndege hutawanyika mbali matopeni na mtazamaji huambulia vidoa tu. Yanapojaa, husogezwa kidogo kidogo hadi karibu na mikoko. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na tuliahidiwa kuondoka saa 8 mchana. Tuliondoka saa 9 na robo, kwa kuwa petroli ilikuwa bado inatafutwa, na tulipofika matope yote yalikwisha kufunikwa.

Aliyetuokoa ni mwongozaji. Alitushusha, akatupitisha juu ya kingo za mashamba ya chumvi, ambako ndege hukimbilia maji yakishajaa. Hapo, umbali wa hatua kama thelathini, vitwitwi walisimama kwa mguu mmoja, wote wameelekea upepo. Wengi walikuwa wa kijivu, lakini wachache, wale wenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini, walikuwa wameanza kugeuka rangi ya tofali kifuani, kwa mabaka yasiyolingana, kama ukuta ambao fundi ameuacha nusu. Alitueleza kwamba hayo ndiyo manyoya yao ya msimu wa kutaga, nao hutaga Siberia, na kwamba hula mpaka wakanenepa kwa sababu mafuta ndiyo akiba yao ya njiani. Alituonyesha pia ndege aitwaye sululu, na yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, ambaye haendi mbali hivyo: hutaga ndani ya mashimo ya mchanga, kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi.

Darubini ilikuwa moja kwa watu sita, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Mwenye yake aje nayo. Jaketi okozi zilitosha.

Nimeshaweka nafasi ya bamvua ijayo, kwa sharti la mwongozaji yuleyule, na petroli inunuliwe tangu jana yake.