Muhula mmoja kwenye semina za Idara ya Kiingereza: uzoefu wangu

Mimi si mwanafunzi wala mwalimu wa fasihi. Natafsiri mikataba na ripoti, kwa hiyo nashinda na maneno kutwa nzima, ila maneno makavu. Muhula uliopita nikaamua kuhudhuria vikao vya Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu, ile ratiba wanayoibandika mlangoni na watu wengi hupita bila kuisoma. Nimeingia vikao 11. Sikulipa chochote, na hakuna hata siku moja niliyoulizwa kitambulisho.

Kwanza ujue unaingia wapi, maana ratiba inachanganya vitu vitatu tofauti. Upo mhadhara wa hadhara: ukumbi mkubwa, mgeni mashuhuri, utambulisho mrefu kiasi kwamba unasahau umefuata nini. Upo usomaji, mwandishi anaposoma kazi yake mwenyewe kisha anahojiwa. Halafu ipo semina ya utafiti, chumba kidogo, mtu anawasilisha kazi ambayo bado haijachapishwa ili wenzake waitoboe matundu mapema kabla haijaenda kwa wahariri. Hii ya tatu ndiyo watu wa nje wanaiogopa, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Usomaji ni kamari. Mwandishi mmoja wa riwaya alisoma sura nzima, dakika 40, macho hayakuinuka kwenye ukurasa. Jirani yangu alisinzia, na simlaumu. Lakini wiki mbili baadaye kipaza sauti kilimzimikia mshairi shairi la kwanza halijaisha. Badala ya kusubiri fundi alishuka jukwaani, akasimama katikati ya safu za viti, akaanza upya kwa sauti ya kawaida, kama anayemsimulia mtu mmoja. Ukumbi ulitulia hadi ukawa unasikia karatasi ikigeuzwa. Kipaza sauti kiliporudi alikipungia mkono tu, kama mtu anayekataa lifti.

Sasa semina. Ile iliyoninasa ilihusu Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Tulikuwa 14 kuzunguka meza moja, na kila mtu alipewa karatasi yenye safu tatu: maneno ya toleo la 1603, la 1604, na la mkusanyo wa tamthilia zake wa 1623. Kwenye safu ya pili na ya tatu yupo Hamlet tunayemjua, anayejiuliza kuhusu kuwa na kutokuwa, kisha anasema hilo ndilo swali. Kwenye safu ya kwanza hakuna swali. Anasema kitu kama “naam, hoja ndiyo hiyo”, na kusonga mbele. Yule mzee Polonius, mshauri wa mfalme, naye humo anaitwa Corambis. Toleo hilo la kwanza ni fupi mno, mistari kama 2,200, wakati la pili lina takribani 3,800. Nakala zilizosalia duniani ni mbili tu, na ya kwanza haikuonekana hadi 1823.

Limetoka wapi toleo hilo? Mtoa mada alitupitisha kwenye dhana ya zamani, tamu kama kesi ya polisi: mlinzi Marcellus ana sehemu ndogo, lakini maneno yake yanalingana vizuri ajabu na matoleo mengine, basi wako wanaodhani mwigizaji wake ndiye aliyeikariri tamthilia na kuipeleka kwa mchapaji. Kisha akatumia nusu saa kuibomoa dhana hiyo, mstari kwa mstari, huku sisi tukifuata kwa kalamu kwenye ile karatasi. Nilijisahau kabisa.

Wakati wa maswali nikajitosa. Nilisema: mimi nikiletewa mikataba mitatu yenye kichwa kimoja, swali langu la kwanza ni upi umetiwa saini. Hapa upi umetiwa saini? Watu wakacheka, ila si kwa dharau. Jibu lilikuwa kwamba hakuna. Hakuna hata ukurasa mmoja wa Hamlet kwa mwandiko wa Shakespeare uliobaki, kwa hiyo wahariri wengi wamezoea kuchanganya toleo la pili na la tatu, na wapo wanaochapa yote matatu, kila moja kivyake. Mwenyekiti akanigeuzia kibao: na Kiswahili je, watafsiri wenu hufanyaje? Nikawaeleza habari ya Nyerere na tafsiri yake ya 1969 ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, The Merchant of Venice, kwamba “mfanyabiashara” mmoja wa Venisi aligeuka “mabepari”, wengi, na neno lenyewe likaja na hukumu yake ndani. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliandika neno hilo, akaniomba nilitamke tena, akalipigia mstari.

Kasoro zipo. Kubwa ni wale wanaonyanyua mkono kuuliza swali, kumbe wana mhadhara wao. Nilimpima mmoja kwa saa: dakika sita, na mwisho wake “labda ungependa kusema chochote kuhusu hilo?” Mwenyekiti mzuri humkata kwa adabu, mwenyekiti mwoga humwacha, na dakika 30 za maswali zinaliwa na watu wawili. Pia nilimwona mwanafunzi akiwasilisha kwa mara ya kwanza, akabanwa na mwalimu mmoja hadi mikono ikamtetemeka. Kuhoji kazi ni sawa, lakini ile ilikuwa kuonyeshana ubabe. Istilahi nazo: siku ya tatu nilitoka sijaelewa hata kichwa cha mada, nami naishi kwa kutafsiri.

Kufuatilia kupitia intaneti sikushauri. Unamsikia mtoa mada vizuri, lakini maswali ya chumbani hayasikiki kabisa, na utamu wote uko huko. Mara moja kikao kilihamishwa chumba bila tangazo, nikazunguka korido robo saa.

Kwa ujumla natoa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kujaribu, kaa mezani, usijifiche viti vya ukutani, chukua karatasi inayogawiwa, na usinukuu popote ulichosikia bila kumwomba mwenyewe ruhusa, maana ni kazi ambayo bado iko jikoni. Ratiba ya muhula ujao imeshatoka. Kikao cha nne kinahusu tafsiri, na jina la mtoa mada ni la yule mwanafunzi aliyeniomba nirudie “mabepari”.